Acha Pengo Kwenye Wimbo: Namna ya Kufanya Kolabo Ukiwa Msanii wa Kujitegemea

Ukiniletea wimbo uliokwisha kila kitu, umemiksiwa, umepambwa mpaka kwenye kona, halafu ukaniomba niingize "kagitaa kidogo tu", nitakukatalia. Si kwa maringo. Wimbo huo hauna pa kukaa. Nitakachokiongeza kitakuwa pambo juu ya pambo; wewe utaona haya kukifuta, mimi nitaona haya kukuuliza mbona sikisikii. Jina langu litaandikwa kwenye orodha ya walioshiriki na hakuna msikilizaji atakayejua nilifanya nini humo.

Mimi ni mtunzi na mpiga gitaa. Sina lebo, sina meneja, na mchana nahesabu bidhaa ghalani kwa mshahara. Karibu kila nilichowahi kukitoa na ambacho bado napenda kukisikiliza, nilikifanya na mtu mwingine. Wasanii wachanga huniuliza: "Dada, huyo mtu wa kufanya naye kazi nampataje?" Jibu langu huwaudhi kidogo, maana huanzia mbali na huyo mtu.

Anza na akiba yako

Kabla ya kumtafuta mshirika, uwe na vitu vya kumsikilizisha. Vitu, si mipango. Rekodi kila wazo kwenye simu, hata kama ni kuguna tu, kisha ulipe jina linaloeleweka siku hiyohiyo: tarehe, ufunguo, mapigo kwa dakika, na maneno mawili ya kukukumbusha. Langu moja linaitwa "2024-03-14 Am 92 mlango wa nyuma"; Am ni ufunguo wa A minor, 92 ni mapigo. Mwaka ukitangulia, kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano. Faili zinazoitwa "mpya", "mpya2" na "mpya kabisa" hutazifungua tena maishani.

Mara moja kwa wiki, kaa uyasikilize. Usitunge, sikiliza tu, na uyagawe makundi matatu: yaliyokufa, yanayopumua, na yanayodai kitu. Hilo la tatu ndilo lenye faida. Andika kwenye daftari kinachodaiwa, kwa maneno ya kawaida kabisa. "Kiitikio kinataka sauti nene chini yangu." "Ubeti wa pili unachosha, mdundo ubadilike." "Mwisho unataka ala isiyo na nyuzi." Mimi naliita daftari la mapengo. Likishajaa kurasa chache utagundua jambo kuhusu muziki wako ambalo hakuna mwalimu angeweza kukwambia: mambo unayoyakosa ni yaleyale, yanajirudia. Kwangu ni sauti za chini. Masikio yangu yanaishi juu, kwenye nyuzi nyembamba, kwa hiyo wapiga besi ndio watu ninaowahitaji kuliko wote.

Pengo si udhaifu wa kufichwa. Ukilijua liko wapi na lina umbo gani, umeshamaliza nusu ya kazi ya kolabo, na bado hujaongea na mtu.

Muda wa kufanya haya utatoka wapi? Kutoka kwenye saa ndogo yenye mlango uliofungwa. Nusu saa kila alfajiri kabla ya kwenda kazini hunizalia mengi kuliko Jumamosi nzima ya kusubiri mzuka. Na kazi ya mshahara isikutie aibu. Mtunzi wa Marekani Philip Glass aliendelea kuendesha teksi New York hata baada ya opera yake ya Einstein on the Beach kuonyeshwa Metropolitan Opera mwaka 1976. Mshahara wa ghalani ndio unaoniwezesha kukataa kolabo nisiyoipenda. Msanii mwenye njaa hukubali kila kitu, na kila kitu hicho hubaki na jina lake.

Mtafute kwa pengo, si kwa umaarufu

Fungua daftari, chagua pengo moja, halafu uliza ni nani anayefanya kitu hicho vizuri. Sikiliza nyimbo zake chache alizotoa mwenyewe, kisha tafuta wimbo mmoja ambamo alikuwa mgeni wa mtu mwingine. Huo wa mwisho ndio kipimo. Kwenye wimbo wake kila mtu ni mfalme. Kwenye wimbo wa mwenzake ndipo utajua kama anaweza kunyamaza.

Mimi hutazama mambo matatu. Anajua kunyamaza? Anamaliza anachokianza? Anajibu ujumbe? Usilicheke la tatu. Nimeshaachana na wapigaji hodari sana kwa sababu ya hilo tu, na sijawahi kujuta.

Wafuasi usiwahesabu. Wafuasi wa mtu hawahami kwa kuwa jina lako limeandikwa kando ya lake; wanasikiliza sehemu yake, wanakwenda zao. Ukimchagua mtu kwa umati alionao, wimbo utaujua ukweli huo kabla ya wasikilizaji.

Na rafiki yako mkubwa? Huenda akafaa, huenda asifae. Kuna watu ninaowapenda mno kiasi cha kushindwa kuwaambia kwamba wametoka nje ya sauti. Hao nakunywa nao chai, sirekodi nao.

Kama hujawahi kufanya kazi na mtu huyo, msianze na albamu. Anzeni na kipande cha sekunde thelathini. Pia mnaweza kubadilishana kazi: wewe unampigia gitaa kwenye wimbo wake mmoja, yeye anakumiksia mmoja wako. Ila muandike kwamba ni wimbo mmoja kwa wimbo mmoja, na muandike maana ya "kumiksi" kwenye mapatano yenu, la sivyo utakuja kuombwa gitaa la nne, la tano, na nusu ya familia.

Ujumbe wa kwanza

Uwe mfupi, nao uwe na mambo matano: ulimsikia wapi, pengo liko wapi, unampa nini, unahitaji jibu lini, na mlango wa kutokea. Wangu huwa hivi:

*"Habari za kazi, kaka. Mimi ni mtunzi, napiga gitaa. Nimekuwa nikiusikiliza wimbo wako wa karibuni. Pale unapoikata besi kabla ya kiitikio cha mwisho ndipo panaponirudisha kila mara. Nina wimbo wenye sauti na gitaa peke yake, mapigo 92, ufunguo wa Am. Kuanzia 1:48 hadi 2:30 nimepaacha wazi makusudi. Nadhani panataka besi inayotembea, noti baada ya noti bila kusimama. Kiungo kiko hapo chini. Ukikugusa, ningependa uwe mmiliki mwenza, na asilimia tuzizungumze kabla hujarekodi chochote. Usipokugusa au ukiwa na mengi, niambie tu, hakuna ubaya. Naomba kujua kabla mwezi haujaisha."*

Angalia kwamba hamna "wewe ni noma" wala "nimekuwa shabiki wako tangu zamani". Kutaja mahali hasa kwenye wimbo wake kunatosha kuonyesha kwamba umesikiliza. Usimtumie faili nzito ambayo hakuiomba. Kiungo kinatosha, nacho kiende moja kwa moja kwenye wimbo bila kumdai ajisajili popote. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kwa sentensi moja. Baada ya hapo kimya chake ni jibu, na ni jibu la heshima tu. Watu wana maisha.

Faili zisiwagombanishe

Mwaka 2003 wanamuziki wa Marekani Ben Gibbard na Jimmy Tamborello walitoa albamu ya Give Up wakijiita The Postal Service, kwa kuwa waliitunga kwa kutumiana rekodi kwa posta. Aliyekwenda posta alilazimika kufikiri kwanza anachokituma. Sisi tunatuma kiungo kwa sekunde mbili, kwa hiyo tunatuma takataka pia: folda yenye vitu arobaini visivyo na majina, halafu ujumbe wa "utajua tu ukisikiliza". Hatajua.

Mtumie vitu vitatu. Cha kwanza ni MP3 moja ya wimbo mzima kama ulivyo sasa, ili ausikilize akitembea. Cha pili ni kila ala na kila sauti kwa faili lake, WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya biti 24, na zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu. Kimya cha mwanzo usikikate. Faili zote zikianza pamoja, yeye huzidondosha kwenye programu yake, iwe ni ipi, na wimbo unakaa sawa. Ukizikata, atakesha akizitafutia mahali. Cha tatu ni ukurasa mmoja wa maandishi: mapigo kwa dakika, ufunguo, mpangilio wa wimbo pamoja na dakika zake, na namna ulivyotega ala zako. Kama ulishusha gitaa nusu sauti, au hukufuata A ya 440 Hz, sema. Mpiga kinanda hawezi kubahatisha hilo, na wa zumari ndiyo kabisa.

Kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, mkubaliane kabla ya mtu yeyote kubonyeza kitufe cha kurekodi. Mimi hutumia 48 kHz. Wengine hutumia 44.1, kile cha CD. Chochote mtakachochagua ni sawa, mradi kiwe kimoja. Rekodi ya 44.1 ikifunguliwa ndani ya kazi ya 48 bila kubadilishwa, itakwenda mbio na kupanda karibu nusu sauti na robo juu ya ilivyokuwa, kisha mwimbaji wa watu atalaumiwa kwamba haimbi sawa.

Jueni na uzito. Faili moja la WAV la mono, biti 24, 48 kHz, hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye faili ishirini ni karibu megabaiti 700. Hizo haziendi kwa barua pepe, na msizipitishe kwenye programu za ujumbe zinazobana sauti. Ujumbe wa sauti ni wa kutumiana wazo la melodi, si wa kutumiana kazi.

Sauti ya kuimba itume kavu, bila mwangwi, kisha uongeze faili la pili lenye mwangwi unaoupenda ili ajue unaelekea wapi. Wakati wa kurekodi acha nafasi juu: kilele kikibaki kati ya -12 na -6 dB, sifuri ikiwa ndiyo ukomo, uko salama. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki kwa uzuri, hata kama fundi atakuahidi. Na ikiwa hukupiga kwa metronomu, na mimi mara nyingi sipigi, sema wazi, umwachie angalau hesabu ya kuingia mwanzoni. Akirekodi kinanda, mwombe MIDI, yaani kumbukumbu ya noti alizobonyeza, pamoja na sauti yenyewe. MIDI imekuwapo tangu 1983 na bado ndiyo njia nyepesi ya kurekebisha noti moja bila kumwita mtu arudie yote.

Majina ya faili yawe na nani, nini, na toleo la ngapi. Neno "mwisho" liwe marufuku mpaka wimbo uwe umeshatoka. Nakala ziwe mbili, mahali pawili tofauti, moja isiwe nyumbani kwako.

Akikuletea kitu usichokiomba

Hapa ndipo kolabo nyingi huvunjika, na ndipo zilizo nzuri huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye ule wimbo wa mlango wa nyuma niliomba besi inayotembea. Mpiga besi akaniletea besi kubwa ya mbao, ameipiga kwa upinde, noti moja ndefu inayokaribia kulia, kuanzia 1:48 mpaka mwisho. Haikutembea hata hatua. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikereka. Sikujibu siku hiyo. Nikaisikiliza tena kazini, asubuhi, nikiwa katikati ya maboksi, nikagundua kwamba kilichoniudhi si besi yake, ni gitaa langu lililokuwa likipiga kelele juu yake. Nikafuta gitaa kuanzia 1:48. Wimbo ukasimama kwa miguu yake.

Kwa hiyo kanuni yangu: kitu usichokitarajia kilaze angalau usiku mmoja kabla ya kukijibu, kisha, kabla ya kukikataa, jaribu kuondoa kitu chako. Kikigoma hata hapo, sasa una haki ya kusema hapana.

Ukitoa maoni, taja dakika, na useme sikio lako linasikia nini badala ya kumwamuru afanye nini. "Kwenye 2:10 sauti yangu inazama" ni bora kuliko "punguza besi", kwa kuwa huenda dawa isiwe besi. Jambo moja kwa wakati mmoja. Mabadiliko yawe na kikomo mlichokubaliana. Mimi husema raundi mbili, ya tatu tunazungumza kwa simu, kwa sababu mkifika ya tatu kwa maandishi hamwelewani tena, mnasukumana tu.

Amueni pia mapema sauti ya mwisho ni ya nani. Kwangu ni hivi: ndani ya pengo, mgeni ndiye mkubwa, juu ya wimbo mzima, mwenye wimbo. Mkiwa mnatunga pamoja tangu sifuri hakuna mgeni, basi mtu mmoja apewe uamuzi wa mwisho kwa wimbo huo, na mwingine kwa unaofuata.

Mkibahatika kukaa chumba kimoja, washa rekodi mtu anapotega ala yake na usiizime mpaka anapoifungasha. Anachokipiga kabla hajauelewa wimbo mara nyingi ndicho kitakachobaki. Lakini msijidanganye kwamba papo kwa papo ni kutojiandaa. Ali Farka Touré na Toumani Diabaté wa Mali walirekodi In the Heart of the Moon, iliyotoka 2005, gitaa na kora (kinubi cha Afrika Magharibi), karibu bila mazoezi. Waliweza kwa kuwa kila mmoja alikuwa na hazina ya melodi za kale anazozijua kwa miaka mingi, na nyingi zilikuwa zilezile. Akiba tena.

Karatasi kabla ya maikrofoni

Mali bila daftari huisha bila habari. Hili nalijua kwa kazi yangu ya mchana, na muziki hautofautiani nayo hata kidogo.

Wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna utunzi: melodi na maneno, kile ambacho mtu mwingine anaweza kukiimba upya. Na kuna rekodi: sauti hii hasa iliyonaswa. Mtu anaweza kumiliki sehemu ya moja bila kuwa na chochote kwenye nyingine, na mirabaha yake, yaani malipo kila wimbo unapotumika, hupitia njia tofauti. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake, haki ya mtunzi huanza kazi inapoundwa, bila kusajili kokote. Ni habari njema, lakini ina upande wake wa pili: mgeni wako naye anaweza kuwa na haki tangu alipotunga kile kipande chake, muwe mmeandikiana au hamkuandikiana.

Matthew Fisher alipiga kinanda kwenye A Whiter Shade of Pale ya bendi ya Uingereza Procol Harum, wimbo wa 1967. Ile melodi ya kinanda ndiyo watu wanayoikumbuka. Jina lake halikuwamo kwenye utunzi. Alifungua kesi Uingereza mwaka 2005, mahakama ikampa asilimia 40 ya haki za muziki mwaka 2006, na baada ya rufaa, mwaka 2009 jopo la majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likaithibitisha haki yake. Zaidi ya miaka arobaini tangu wimbo utoke, kwa jambo ambalo lingemalizwa mezani siku ileile.

Mgawanyo nafanya kwa namna tatu. Tukianza na ukurasa mtupu tukiwa pamoja, tunagawana sawa, bila kuhesabu nani alileta mstari upi. Queen walifika huko pia: kwenye The Miracle ya 1989 nyimbo ziliandikwa kwa jina la kundi zima badala ya mtu mmoja mmoja, na ugomvi ukapungua. Akija kujaza pengo na akatunga anachokipiga, anapata sehemu ya utunzi inayolingana na uzito wa pengo, na sehemu ya rekodi. Nikimwandikia noti zote naye akazipiga tu, namlipa ujira, mara moja, kwa wakati, na jina lake linaandikwa. Usichanganye hizi mbili za mwisho. Na kumwahidi mtu "utajulikana" si mojawapo ya namna za malipo.

Karatasi yenyewe haihitaji lugha ya mahakamani. Ukurasa mmoja unatosha: majina halisi na ya kisanii ya kila mmoja, jina la wimbo hata kama ni la muda, tarehe, asilimia za utunzi, asilimia za rekodi. Kila safu ijumlishwe ifike 100. Utashangaa ni mara ngapi watu wazima watatu hugawana 110. Kisha mambo haya, kwa sentensi moja moja. Gharama zipi zitarudishwa kwanza kabla ya kugawana, na zisizidi kiasi gani. Nani atapakia wimbo kwa msambazaji, yule anayeupeleka kwenye majukwaa kama Spotify, na kupokea fedha. Majina yataandikwaje, herufi kwa herufi. Nani aulizwe wimbo ukitakiwa kwenye filamu, tangazo au kampeni ya siasa; mimi hudai wote wakubali. Wimbo usipotoka ndani ya miezi kumi na miwili, kila mtu anachukua kipande chake na kuondoka nacho. Na siku hizi naongeza kwamba sauti au upigaji wa mtu usitumike kufundishia wala kuigiza kwa programu ya akili mnemba bila ruhusa yake ya maandishi. Sahihi, picha ya karatasi, kila mtu nakala yake. Kukiwa na fedha nyingi au kampuni upande wa pili, mpelekee mwanasheria. Ukurasa huu ni wa watu wawili wanaoaminiana na wanaotaka kuendelea kuaminiana.

Baada ya hapo kila mmoja asajili wimbo kwenye chama chake cha mirabaha kwa asilimia zilezile. Zikitofautiana, malipo yanaweza kusimamishwa mpaka mwelewane. Rekodi hupewa namba ya utambulisho ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, ambayo kwa kawaida msambazaji hukupatia. Toleo lililochanganywa upya lina yake. Utunzi una namba yake nyingine, ISWC, inayoanza na T. Zote mbili zirudi kwenye karatasi ileile.

Kuutoa

Hapa nitapita haraka, maana ushauri wa kutoa nyimbo umejaa kila mahali. Amueni kama mshirika ni msanii mkuu au mgeni, kwa kuwa namna mtakavyojaza ndiyo itakayoamua jina lake litaonekanaje na wimbo utakaa wapi kwenye ukurasa wake. Pakieni wiki nne au zaidi kabla. Msiubane wimbo ili usikike kwa nguvu kuliko wa jirani: Spotify kwa kawaida husawazisha sauti kwenye takriban -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), kwa hiyo uliobanwa hushushwa, unabaki bapa tu. Kilele kisizidi -1 dB. Mpe mshirika picha, maneno na kiungo siku kadhaa kabla, asije akausikia wimbo wake mwenyewe kutoka kwa shabiki.

Mzuka ukikauka

Kolabo zikizidi nazo huua. Kuna wakati nilikuwa na mapengo ya watu wengi mikononi na langu sikuwa nalo hata moja. Nilikuwa fundi hodari wa nyimbo za wengine. Sasa sishiki zaidi ya tatu kwa pamoja. Na kila wakati nina wimbo mmoja ambao hauna mshirika, hauna tarehe, na huenda hakuna atakayeusikia. Huo nauchezea tu. Humo ndimo pengo jipya huonekana, la aina ambayo sikuwa nayo mwaka jana.

Ukialikwa na wimbo haukugusi, kataa mapema na kwa sentensi mbili. "Asante kwa kunifikiria. Sisikii ninachoweza kuuongezea." Usiseme "labda baadaye" kama hakuna baadaye, na usianze kumweleza makosa ya wimbo ambayo hakukuuliza.

Fedha zikianza kuingia, aliyepakia atume taarifa kila baada ya miezi mitatu: zimeingia kiasi gani, kutoka wapi, gharama gani zimekatwa, sehemu ya kila mmoja ni ipi. Itume hata robo ambayo hakuna kitu: "Robo hii ni sifuri." Mshirika anayepata sifuri kwa maandishi hana shida, anayenyimwa habari ndiye anayeanza kupiga hesabu zake mwenyewe usiku. Kwa vile ada ya kutuma inaweza kumeza mgawo mdogo, kubalianeni kiwango cha chini. Mgawo ukiwa haujafika hapo, unasogezwa robo inayofuata, na taarifa ioneshe umesogezwa.